Uniti za LUKU zinaishia wapi? Mwongozo kamili wa kukokotoa umeme wa nyumba yako, hatua kwa hatua

Mwezi huu ni mtu wa nne kuniletea daftari lenye kosa lilelile. Taa moja ya LED, wati 9, inawaka kwa muda wa saa 6 kila usiku. Amezidisha, amepata 54, ameandika "uniti 54 kwa siku". Kama ingekuwa hivyo, taa ya chooni ingemfilisi mtu kabla ya Ijumaa. Mwingine kachukua wati 150 za friji akazidisha kwa saa 24, na kwa hesabu hiyo akamkatalia mkewe kununua friji.

Wengi wanaoniuliza wanaishi nyumba za vyumba hapa Tanga: Ngamiani, Makorora, Mabawa. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mita moja ya LUKU (ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) ukutani na ugomvi mmoja kila mwezi. Kila mtu anamjua mla umeme, na kila mtu anamtaja tofauti.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Kinachowaangusha watu ni kuchanganya vitu viwili: kasi ambayo chombo kinatumia umeme, na jumla ya umeme kilichotumia. Wati ni kasi. Uniti ni jumla. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye tofauti hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari na kalamu, simu yenye kikokotoo na saa ya sekunde, tochi ya kusomea vibandiko nyuma ya friji, na risiti mbili tatu za LUKU za mwezi huu. Usizifute zile meseji za tokeni.

Kwa zoezi la hatua ya kwanza tafuta betri mbili za tochi za volti 1.5, balbu mbili za tochi za kizamani (zile zenye uzi ndani, zimeandikwa 2.5V 0.3A), vipande vinne vya waya mwembamba na selotepu. Balbu za LED hazifai hapa, kwa sababu ukigeuza betri haziwaki na utadhani umekosea. Maltimita ukiwa nayo ni vizuri, lakini si lazima.

Onyo kabla ya yote: hakuna hatua hata moja humu inayokutaka ufungue soketi, swichi wala mita. Umeme wa ukutani ni volti 230 na unaua. Ukijikuta umeshika bisibisi, umetoka nje ya mwongozo huu.

## Hatua ya 1: Unda sakiti ya betri, uione kwa macho

Panga betri mbili, chanya ya moja igusane na hasi ya nyingine, uzifunge kwa selotepu. Unganisha waya kutoka ncha ya juu hadi kitako cha balbu, na waya mwingine kutoka ubavu wa balbu hadi ncha ya chini ya betri. Itawaka.

Achanisha waya popote, inazima. Hiyo ndiyo sakiti: njia iliyofungamana, inayotoka kwenye chanzo na kurudi kwenye chanzo. Swichi ni mahali tu palipotengenezwa ili uweze kuikata njia hiyo bila tabu.

Sasa majina matatu. Volti ni msukumo; betri zako mbili zinasukuma kwa volti 3. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Kwenye balbu hii ni kama 0.3. Ohmu ni ukinzani, yaani jinsi njia inavyoubana mkondo. Uhusiano wake ni mmoja: volti = ampea × ohmu. Balbu ya volti 2.5 inayopitisha ampea 0.3 ina ukinzani wa 2.5 ÷ 0.3, kama ohmu 8.3 ikiwa inawaka.

Na hili ndilo tunalolitafuta: wati = volti × ampea. Balbu hiyo ni 2.5 × 0.3, sawa na wati 0.75. Msukumo mara wingi, unapata kasi ya kazi.

Sasa ongeza balbu ya pili kwa namna mbili.

Kwanza zifuatanishe, mkondo upite moja kisha nyingine. Zote zitafifia kwa sababu zinagawana msukumo. Ichomoe moja, ya pili nayo inazima. Hii ni sakiti ya mfuatano.

Kisha kila balbu ipe waya zake kutoka kwenye betri zilezile. Zote zitawaka vizuri, na ukichomoa moja nyingine haijali. Hii ni sakiti sambamba, na ndivyo nyumba yako ilivyofungwa. Ndiyo maana unazima taa ya chumbani na redio ya jirani inaendelea kuimba.

Shika mambo mawili kutoka kwenye sakiti sambamba. Kila soketi inapata volti zilezile 230. Ampea, kwa upande wake, zinajumlishwa: kila unachochomeka kinaongeza mkondo kwenye waya mkuu. Hili la pili tutalirudia mwishoni, maana ndilo linalochoma nyumba.

Umefaulu kama: umeweza kuzima balbu moja bila kuizima nyingine. Usifanye: kuunganisha waya mtupu kutoka chanya hadi hasi bila balbu. Betri itapata moto mkononi mwako, kwa sababu njia haina ukinzani wa kuubana mkondo.

## Hatua ya 2: Soma vibandiko, uandike wati za kila chombo

Pita chumba kwa chumba. Pasi huandikwa chini au kwenye mkono, feni kwenye kitako, friji ndani ya mlango au nyuma karibu na kompresa. Unatafuta namba yenye W.

Kama hakuna W ila kuna V na A, zidisha. Chombo cha 230V na 0.4A ni wati 92. Kwenye chombo chenye mota, kama friji na feni, jibu hilo huwa limezidi kidogo, kwa hiyo W ikiwepo iamini hiyo.

Chaja za simu zinawapoteza wengi. Kibandiko kinasema "Input 100-240V 0.5A", mtu anazidisha 240 × 0.5 anapata wati 120, kisha anamkataza mpangaji asichaji. Hiyo ampea 0.5 ni ya juu kabisa kwa hali zote. Soma mstari wa "Output": 5V 2A ni wati 10, na kinachotoka ukutani ni zaidi ya hapo kidogo tu. Simu ya kawaida kuijaza mara moja ni kama uniti 0.025, chini ya shilingi 10 kwa bei tutakayoipata mbele. Nimeshuhudia watu wazima wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya chaja.

Hivi ndivyo vyombo vya nyumba zetu vinavyosoma mara nyingi: taa ya LED wati 9, feni ya kusimama 50, pangaboi 75, runinga ya kisasa 60, king'amuzi 12, pasi 1,000, heta ya kuchemshia maji ndooni 1,500, birika la umeme 2,000. Vyako visome mwenyewe. Vinatofautiana.

Ona namba zinavyojigawa makundi mawili. Kinachotoa joto kina maelfu. Kinachotoa mwanga, sauti au upepo kina makumi. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kumhukumu mwenye heta, na ndipo wanapokosea.

## Hatua ya 3: Geuza wati kuwa uniti

Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja: wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo:

uniti = wati × saa ÷ 1,000

Hiyo "÷ 1,000" ndiyo iliyopotea kwenye daftari la yule wa uniti 54. Taa yake: 9 × 6 = 54, gawanya kwa 1,000, ni uniti 0.054. Uniti moja inaiwasha kwa siku 18.

Kosa la pili ni dakika. Birika la wati 2,000 likichemsha dakika 6, usiandike 2,000 × 6. Dakika 6 ni 6 ÷ 60, yaani saa 0.1. Basi 2,000 × 0.1 ÷ 1,000 = uniti 0.2.

Unaweza kujihakikishia. Kuchemsha lita moja ya maji yetu, yanayotoka bombani yakiwa na nyuzi kama 28, kunahitaji uniti 0.084 hata uwe na birika gani. Ongeza joto linalopotelea hewani, unafika karibu 0.1. Lita mbili 0.2. Hesabu imekubali.

Hapohapo panajibiwa swali linalokuja kila umeme ukishuka: "Umeme mdogo unakula uniti zaidi?" Kwa birika na pasi, hapana. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, birika la wati 2,000 linabaki na wati kama 1,365, linachelewa kuchemsha, na uniti zinatoka karibu zilezile. Friji ndiyo ya kuiogopea. Mota yake inahangaika kuanza, inapata moto na inaweza kuungua. Volti zikiyumba, ichomoe.

Kama unataka kuiona wati kwa ukubwa wake: mtambo wa New Pangani Falls, kwenye mto wetu huu wa Pangani, una uwezo wa megawati 68. Hiyo ni wati 68,000,000, inayotosha mabirika 34,000 yakiwashwa kwa pamoja. Megawati nayo ni kasi. Haikuambii mtambo umezalisha kiasi gani mpaka useme umeendeshwa saa ngapi.

## Hatua ya 4: Vyombo vinavyopumzika

Hapa ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe.

Mama mmoja wa Ngamiani, anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu, aliniuliza kama friza ya wati 150 itamlipa. Nikazidisha harakaharaka: 150 × 24 ÷ 1,000 ni uniti 3.6 kwa siku. Nikamwambia, "Mama, achana nayo." Kwa bahati hakunisikiliza.

Friza haifanyi kazi saa 24. Kompresa inaunguruma, baridi ikifika inazima, joto likipanda inaamka tena. Pasi nayo ndivyo: kile kitaa chake chekundu kikizimika, haili umeme mpaka ipoe kidogo.

Jinsi ya kupima: kaa karibu na friza na saa ya simu. Andika dakika inazounguruma na dakika inazonyamaza, angalau mizunguko mitatu. Ile ya mama wa barafu iliunguruma dakika 10, ikanyamaza 14. Kati ya dakika 24 ilifanya kazi 10, yaani sehemu 0.417. Basi wastani wake ni 150 × 0.417, wati 62.5. Kwa saa 24 ni uniti 1.5.

Siku ya kujaza pakiti mpya za uvuguvugu mota haipumziki kwa saa kadhaa, na kwake karibu kila siku ni siku ya kujaza. Nikaweka 2.0 ili nisimdanganye mara ya pili.

Ukiwa na pasi, andika nusu ya muda. Feni, taa na runinga hazipumziki, ziandike muda wote.

Umefaulu kama: uniti za friji au friza kwenye daftari lako ni kama nusu ya zile za kuzidisha kwa 24, au chini ya hapo. Ikiunguruma bila kunyamaza usiku kucha, angalia raba ya mlango na barafu iliyoganda ndani kabla ya kulaumu hesabu.

## Hatua ya 5: Iulize mita yenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na wengi hawajui kama ipo.

Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Karibu yake pameandikwa namba kama "1000 imp/kWh". Maana yake: kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Mita nyingine zimeandikwa 1600 au namba nyingine, kwa hiyo soma ya kwenu kwanza.

Kwa mita ya 1000:

wati = idadi ya kupepesa kwa dakika × 60

Kwa mita ya 1600, zidisha kwa 37.5 badala ya 60. Kwa mita yoyote ile: 60,000 gawanya kwa namba ya mita, unapata kizidisho chako.

Tulifanya hivi usiku, saa 3, ukumbini kwa yule mama. Kila mpangaji akazima vyake. Feni ziliponyamaza ndipo tulipogundua nyumba ina mbu kiasi gani. Kitaa kikatulia. Dakika moja, mbili, tatu, hakikupepesa. Hiyo ni ishara nzuri: hakuna kitu kinachovuja.

Kisha kijana wa chumba cha tatu akatia heta yake ndooni. Kitaa kikaanza kwenda mbio, nikahesabu 25 kwa dakika. 25 × 60 ni wati 1,500, sawasawa na kibandiko. Babu wa chumba cha mbele akainama, miwani puani, akasema, "Si nilisema mimi? Tazama kinavyokimbia!"

Heta ikachomolewa, ikawashwa friza peke yake. Sasa kitaa kinapepesa mara mbili, mara tatu kwa dakika. Babu akacheka. "Hii ndogo hii."

Ndogo kwa kasi, ndiyo. Lakini heta ya kijana inawaka dakika 12 kwa siku basi. 1,500 × 0.2 ÷ 1,000 ni uniti 0.3. Friza, ikipepesa polepole usiku na mchana, ni uniti 2.0. Yule aliyekuwa akisemwa tangu mwaka jana alikuwa anakula chini ya moja ya sita ya kile kilichokaa kimya pale pembeni.

Kwa chombo kidogo usihesabu mapigo, subiri. Hesabu sekunde kati ya kupepesa kumoja na kunakofuata, kisha 3,600 ÷ sekunde (kwa mita ya 1000). Feni ya wati 50 hupepesa kila baada ya sekunde 72. Taa ya wati 9 itakuweka sekunde 400, kaa na kahawa.

Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mna kibodi tu, tumia njia ya polepole: andika uniti zilizobaki saa 1 usiku, andika tena kesho saa 1 usiku, toa. Fanya hivyo siku 7, jumlisha, gawanya kwa 7.

Onyo: kama kila kitu kimechomolewa, si kuzimwa tu, na kitaa bado kinapepesa, kuna waya unavuja au kuna chombo kimefichwa. Usianze kufukua ukuta. Mwite fundi.

## Hatua ya 6: Pata bei yako halisi ya uniti

Usiulize bei ya uniti kijiweni. Ipo kwenye meseji yako: pesa uliyotoa ÷ uniti ulizopata. Ukitoa 10,000 ukapata uniti 28.1, kila uniti imekugharimu shilingi 356. Ndani yake mna bei ya umeme wenyewe, VAT, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji).

Tahadhari moja inayoharibu hesabu nyingi: manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa pia kodi ya jengo, kwa hiyo uniti zinatoka chache. Tumia risiti ya pili ya mwezi. Watu wanaopiga kelele kwamba umeme umepanda tarehe 1 na kushuka tarehe 10 wamekutana na kitu hicho hicho.

Na jirani yako akipata uniti nyingi kuliko wewe kwa pesa ileile, huenda mita yake iko kundi la matumizi madogo. Usikopi bei yake.

## Hatua ya 7: Gawaneni kwa uniti, si kwa vichwa

Nyumba ile tuliiandika hivi, kwa siku moja, kwa wati-saa (wati × saa, kabla ya kugawanya kwa 1,000):

Babu: taa 54, redio 80 (wati 10 kwa saa 8), feni 400. Jumla wati-saa 534, yaani uniti 0.534.

Mama wa barafu: friza 2,000, taa 54, feni 400. Uniti 2.454.

Kijana: runinga 300, king'amuzi 60, sabufa 200, feni 400, taa 45, heta 300. Uniti 1.305.

Wanafunzi wawili wa chumba cha nyuma: taa 54, chaja mbili 60, pasi 125 (dakika 15 kila siku, nusu yake imezima), feni 450. Uniti 0.689.

Taa za ukumbini, uani na chooni: 9 × 3 × 12 = wati-saa 324. Hizi ni za wote, kila chumba 0.081.

Ukijumlisha nyumba nzima ni uniti 5.306 kwa siku, karibu 159 kwa siku 30. Kwa shilingi 356 ni 56,668.

Zamani waligawana sawa, kila chumba 14,167. Kwa hesabu mpya babu ni 6,568, wanafunzi 8,224, kijana 14,802 na mama 27,074.

Mtazame kijana: hajashuka, amepanda kidogo. Lakini amesafishwa jina. Mama alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akapiga za kwake: friza uniti 2 kwa siku, shilingi 712, barafu nane za shilingi mia. "Nane tu?" akasema. "Mimi natoa zaidi ya hizo asubuhi pekee." Hakubisha tena.

Kabla hamjakubaliana, ipimeni hesabu dhidi ya mita. Wao walisoma mita siku 7, zilikwenda uniti 39, sawa na 5.57 kwa siku. Daftari lilisema 5.31. Tofauti ni kama asilimia 5.

Mmefaulu kama: daftari na mita hazipishani zaidi ya asilimia 10. Zikipishana zaidi, mara nyingi kuna mtu kasahau chombo. Anza na pasi.

Ile tofauti iliyobaki msiitafutie mchawi. Igaweni kwa uwiano uleule. Na rudieni kuhesabu kaskazi ikianza Desemba. Feni za saa 8 zinakuwa za saa 14, na friza hainyamazi kama ilivyonyamaza wakati wa kusi.

## Hatua ya 8: Hesabu ampea za ekstensheni

Nimeiweka mwisho kwa kuwa sasa una wati zote mkononi. Ampea = wati ÷ 230.

Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 2,990 kwa pamoja. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zimeandikwa 10A, wati 2,300 tu, hata kama zina matundu sita. Matundu hayaongezi uwezo. Kumbuka balbu zako za sambamba, mikondo inajumlishwa.

Birika: 2,000 ÷ 230 ni ampea 8.7. Pasi: 1,000 ÷ 230 ni 4.35. Pamoja 13.05. Umeshavuka fyuzi ya 13, na ekstensheni ya 10 ilikuwa imeshazidiwa kabla hujamaliza kukunja shati. Vyombo viwili vya joto visikae kwenye ekstensheni moja. Runinga, king'amuzi, sabufa na chaja vikae pamoja bila wasiwasi. Vyote havifiki ampea moja.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: upepo wa chumvi. Nyumba za kuelekea Raskazone utaona pini za plagi zimeota ukungu wa kijani. Kutu hiyo ni ukinzani, na ukinzani ukipitisha mkondo unatoa joto: wati = ampea × ampea × ohmu. Mahali pabovu pa nusu ohmu tu, ukipita mkondo wa birika wa ampea 8.7, panatoa 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu wati 38. Hilo ni joto la chuma cha kulehemia redio, limefichwa ndani ya plastiki ya soketi yako.

Kwa hiyo kila chombo cha joto kikimaliza kazi, kizime ukutani, kichomoe, uguse plagi kwa nyuma. Vuguvugu kidogo si neno. Ikiwa ya moto, au plastiki imebadilika rangi, au pananuka kama samaki aliyeungua, soketi hiyo usiitumie tena. Zima breka yake, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwambie soketi ipi, chombo gani na ampea ngapi. Atashangaa, kisha atafanya kazi haraka.